Raúl hakulelewa Real Madrid tangu utotoni
Mashabiki wengi bado husimulia kwamba Raúl González, mshambuliaji wa zamani wa Hispania, alikulia Real Madrid tangu utotoni. Sivyo. Alianza kung'ara katika timu za vijana za Atlético Madrid, watani wa jadi wa Real na klabu aliyoishabikia baba yake. Mwaka 1992 rais wa Atlético, Jesús Gil, alizifunga timu hizo ili kubana matumizi, ndipo kijana akahamia Real.

Oktoba 29, 1994, kocha Jorge Valdano alimwanzisha ugenini Zaragoza, akiwa na miaka 17 tu. Alikosa mabao ya wazi, Real ikalala 3-2. Valdano hakumrudisha benchi, na kwa hilo namheshimu sana. Wiki moja baadaye, uwanjani Bernabéu, Raúl alifunga bao lake la kwanza. Dhidi ya Atlético.