Kabla hujatia dole gumba: mwanamke, jina lake na hati ya ardhi

Upimaji wa mashamba ukipita kijijini, iwe Misungwi, Kwimba au Magu, malalamiko ya wanawake huanza kufika ofisini kwetu hapa Mwanza baada ya hati kutoka. Wakati huo jambo ambalo lingemalizwa kwa mstari mmoja wa fomu, ule wa jina la mmiliki, limeshakuwa kesi. Elimu hii inahusu mstari huo. Haichukui nafasi ya ushauri wa wakili au msaidizi wa kisheria kwa shauri lako binafsi.

Kwanza tuondoe kauli tunayoletewa kila mara: "Mila haimruhusu mwanamke kumiliki ardhi ya ukoo." Kauli hiyo ina chimbuko, na si la kale kama wengi wanavyodhani, angalau kwa maandishi yake. Ni Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, lililoandika kanuni za urithi wa kimila. Kanuni ya 20 ilisema mwanamke aweza kurithi, lakini ardhi ya ukoo ataitumia tu akiwa hai, hawezi kuiuza, isipokuwa ukoo ukikosa mwanamume. Mabinti waliwekwa daraja la tatu, nyuma ya kifungua mimba wa kiume na wana wengine wa kiume. Mjane, kwa kanuni ya 27, hakupewa fungu iwapo marehemu ana ndugu wa ukoo. Fungu lake likawa kutunzwa na watoto wake. Wazee wengi katika vikao vya ukoo wananukuu karatasi hiyo bila kujua kuwa wanainukuu.

Pigo kubwa dhidi ya kanuni hizo lilitoka hapa hapa, Mahakama Kuu Mwanza, Februari 1990. Holaria Pastory wa Muleba alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Agosti 1988, akiwa mzee asiye na wa kumtunza, aliliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Siku iliyofuata mpwa wake, Bernardo Ephrahim, alifungua shauri Mahakama ya Mwanzo Kashasha. Alishinda huko, akashindwa Mahakama ya Wilaya. Jaji Mwalusanya akamaliza: haki za binadamu zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984 zinakataza ubaguzi wa jinsia, hivyo haki ya kuuza ya mwanamume na ya mwanamke ni sawa.

Usidhani yaliishia hapo. Mwaka 2006 Mahakama Kuu iliombwa na wajane wawili wa Shinyanga ifute kanuni hizo. Ilikubali kwamba ni za kibaguzi, lakini ikakataa kuzifuta. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ikasema nchi imekiuka haki za wajane hao. Ndiyo maana hatumshauri mtu aitegemee hukumu peke yake ilhali ana nafasi ya kuandikwa jina.

Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za 1999, ziko wazi. Kifungu cha 3(2) katika kila moja kinampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki, kutumia na kuhamisha ardhi sawasawa na mwanamume. Kifungu cha 20(2) cha sheria ya vijiji kinabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi. Kwa hiyo mwenyekiti wa kijiji anayesema "tutamwandika baba, mama yumo humo humo" hatekelezi mila. Anavunja sheria.

Sasa fomu. Hatimiliki ya kimila huombwa kwa Fomu ya Ardhi ya Kijiji Na. 18. Kabla yake kamati ya uhakiki hupita shambani pamoja na majirani na kutaja mipaka: safu ya minyaa, tuta la jaruba, njia ya ng'ombe. Haki nyingi hupotea siku hiyo. Baba anasimama kwenye mpaka, mama yuko mashineni au kisimani, mwandishi anaandika aliyemwona. Kamati hiyo haizidi wajumbe 9 na lazima wasiopungua wanne wawe wanawake. Ukiona wanaume watupu, una haki ya kuhoji. Mama awepo mpakani, na majirani wamsikie akitaja mpaka.

Kosa la pili ni jina lenyewe. Fomu inaletwa imeandikwa "Mama Neema", au "Mke wa Masanja", au "Ng'wana Masanja" (mtoto wa Masanja), wakati kitambulisho cha NIDA kina jina jingine kabisa. Jina la mtaani halimtambulishi mtu kwenye daftari la ardhi. Andika jina lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi, na picha ziwe za wote wawili. Kwenye kaya ya wake zaidi ya mmoja, majaruba ya kila nyumba yaombewe hati yake, likiwemo jina la mke anayeyalima. Kuyarundika yote kwenye hati moja ya mume ni kuandaa ugomvi wa watoto. Hati ikishaandikwa, mwone msomaji mnayemwamini aisome kwa sauti kabla hamjatia dole gumba.

Mjini kosa lina sura nyingine. Mama anauza dagaa Mwaloni Kirumba, anakusanya fedha, ananunua kiwanja Kisesa au Buswelu, na hati ya mauziano inaandikwa jina la mume "kwa heshima". Heshima ina gharama yake kisheria: Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema mali iliyo kwa jina la mmoja inachukuliwa kuwa ni yake hadi ithibitishwe vinginevyo. Iliyo kwa majina ya wote wawili inachukuliwa kuwa ni ya nusu kwa nusu. Kwa hiyo tunza risiti, miamala ya simu na majina ya mashahidi. Hata asiyechangia senti ana hoja: tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed mwaka 1983, kazi za nyumbani zinahesabiwa kuwa mchango. Na wanaosema "mimi sina cheti, niliolewa kimila" waelewe kuwa kutosajiliwa hakuifuti ndoa. Huongeza tu kazi ya kuithibitisha.

Rehani ya nyumba ya ndoa inahitaji ridhaa ya mwenzi. Mkopaji anayeidanganya benki kwa kiapo au maandishi kwamba hana mke anatenda kosa la jinai. Akitiwa hatiani, faini haipungui nusu ya mkopo, au kifungo kisichopungua miezi 12. Mke mwenye hofu asisubiri dalali wa mnada. Kwa ardhi iliyosajiliwa, aweke zuio kwa Msajili wa Hati mapema, yaani ataarifu kwa maandishi kwamba ana haki kwenye ardhi hiyo.

Kuhusu mirathi, tunarudia: msimamizi si mrithi. Shemeji aliyechaguliwa kwenye kikao cha ukoo hana mamlaka hadi mahakama imteue. Akiteuliwa na Mahakama ya Mwanzo, ana miezi minne kuwasilisha orodha ya mali na madeni kwa Fomu Na. V, isipokuwa mahakama imwongezee muda, kisha hesabu kwa Fomu Na. VI kwa vipindi vinavyopangwa na mahakama. Asipofanya hivyo, mrithi aiombe mahakama imwite ajieleze; yaweza kumwondoa. Mjane anaruhusiwa kuomba usimamizi yeye mwenyewe, na hakuna haja ya kumwomba radhi mtu.

Mgogoro ukitokea, usikimbilie Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya moja kwa moja, utarudishwa. Anza Baraza la Kata, ambalo tangu 2021 linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Likishindwa, chukua cheti chake kinachosema usuluhishi umeshindikana. Zikipita siku 30 bila usuluhishi, unaweza kuendelea mbele. Rufaa ya uamuzi wa Baraza la Wilaya hukatwa Mahakama Kuu ndani ya siku 45. Dai la kurejesha ardhi lina ukomo wa miaka 12, na wengi hufika mwaka wa 13 wakiwa na ushahidi mzuri kabisa. Njoo na nakala ya Fomu Na. 18, kitambulisho, na majina ya majirani wa pande zote nne za shamba.