Jamii ya ndege ni nini, na msumeno unaigusaje?

Waulize wapasua mbao wa Masindi, Uganda, kama ndege wameisha msituni Budongo, watakwambia wapo tele. Ni kweli. Asubuhi, sehemu zilizovunwa zina kelele kweli kweli. Ila la kuuliza ni hili: ni ndege gani hao?

Hapo ndipo linapoingia neno "jamii ya ndege". Si idadi peke yake. Ni aina zote zinazoishi mahali pamoja, wingi wa kila aina, na riziki yake: huyu anakula matunda, yule anafyonza maua, mwingine anadonoa wadudu kwenye magome. Aina kumi zikiondoka na nyingine kumi zikaingia, hesabu ni ileile, lakini jamii si ileile tena.

Budongo imevunwa tangu miaka ya 1920 kwa kuchagua: unaangushwa mkangazi mnene, mingine inaachwa. Miaka ya 1950 na 1960 wasimamizi walizidisha, wakaitia sumu miti waliyoiona haina faida, muhimbi na hata miti ya tini, ili mikangazi ipate nafasi. Kipande kimoja cha msitu, kitalu cha N15, kiliachwa kama hifadhi, na watafiti hulinganisha vingine nacho.

Mti mkubwa ukianguka, jua linafika chini. Vichaka vinasongamana, maua yanazidi, chozi na shore wananeemeka. Anayeumia ni mla wadudu wa chini kivulini. Siafu wakipita, panzi na mende wanaruka kutoka kwenye majani makavu. Ndege mdogo wa kahawia aliyetulia kwenye kijiti anashuka, anadaka, anarudi palepale. Kichaka kikisonga, hana tena pa kuruka. Kule Kibale, msitu mwingine wa Uganda, ambako sehemu za msitu zilikatwa mwishoni mwa miaka ya 1960, Profesa Christine Dranzoa alichunguza ndege miaka 23 baadaye, na baadhi ya wale wa ndani ya msitu walikuwa hawajarudi sawasawa. Miaka 23! Mtoto anazaliwa, anasoma, anaoa.

Halafu kuna hondohondo. Jike hujifungia ndani ya pango la mti, mlango ukazibwa kwa tope analoletewa na dume, ukabaki ufa mwembamba wa kupokelea matunda. Hukaa humo karibu miezi minne. Pango la kumtosha ndege mkubwa vile halipatikani kwenye mti mchanga. Na huyu ndiye mpanzi wa msitu: anameza matunda, mbegu anakwenda kuzitema mbali.

Mimi sipingi mbao, maana hata kitanda changu ni mbao. Ninachoomba ni mtu ainue macho kabla ya kuwasha msumeno. Mti mzee wenye pango mara nyingi umeoza moyo, hata ubao wake si wa maana. Upakwe alama ya rangi, uachwe umesimama, pamoja na mtini ulio jirani yake.