Kwa nini kiti mwendo huzama mchangani, na Bagamoyo kinafikaje majini?

Ukiuliza kwa nini ni nadra kumwona mtu wa kiti mwendo akioga baharini Bagamoyo, wengi watakujibu kwamba miguu yake haina nguvu. Lakini majini mwili huelea, na miguu haidaiwi kubeba kitu. Kinachomzuia ni ule mchanga mkavu ulio kati ya minazi na maji. Pengine ni hatua thelathini tu. Dada yangu alikaa miaka akisikia mawimbi kutoka barazani kwake bila kuyagusa, kwa sababu ya hatua hizo thelathini.

Tuanze na mchanga wenyewe. Ukikauka, punje zake hazishikani. Ukiukanyaga zinakimbilia pembeni na mguu unashuka. Kushuka kwake kunategemea uzito umetandazwa kwenye eneo kubwa kiasi gani. Ngamia ana wayo mpana, ndiyo maana jangwa halimsumbui. Kiti mwendo cha kawaida hakina wayo huo. Magurudumu makubwa ya nyuma, yenye kipenyo cha kama sentimita 60, ni membamba kama ya baiskeli. Yale madogo ya mbele ndiyo mabaya zaidi: mengi yana kipenyo cha sentimita 12 hadi 20, upana wa vidole viwili hivi, na mpira mgumu usio na upepo. Yametengenezwa yageuke kirahisi sakafuni. Mchangani hayabiringiki, yanachimba. Mbele ya kila moja kinajikusanya kichuguu cha mchanga, na kadiri unavyosukuma ndivyo kinavyokua.

Hapo ndipo wasaidizi wengi, kwa nia njema kabisa, wanapokosea. Mishikio iko juu, nyuma ya mgongo wa aliyeketi. Ukisukuma huku mbele kumekwama, nguvu yako inahamishia uzito wote kwenye magurudumu yale yale madogo. Yanazidi kuzama, na mtu anaweza kupinduka kifudifudi.

Siku ya kwanza tulipompeleka dada tulikuwa vijana wawili, jasho linatutoka, na hatukufika hata nusu. Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu chini ya mkungu alitutazama, akaja, akamsalimia dada kwanza, kisha akatwambia, "Mgeuzeni, wanangu. Gurudumu kubwa litangulie." Tukageuza kiti, tukakilaza nyuma kidogo mpaka magurudumu madogo yakaachana na mchanga, tukavuta kinyumenyume. Kikatembea. Gurudumu kubwa hupanda juu ya kile kichuguu badala ya kugonga, na anayevuta ananyanyua kidogo badala ya kukandamiza. Kasoro ni moja: mtu anakwenda baharini akiipa mgongo. Dada alisema neno moja tu njiani: "Tukifika mnigeuze, nataka kuiona."

Mchanga mbichi ni habari nyingine kabisa. Maji kidogo yaliyobaki kati ya punje huzivuta zishikane, ndiyo maana mtoto anajenga nyumba ya mchanga mbichi lakini mkavu unamporomokea. Maji yakizidi hadi punje zikawa zinaogelea, ugumu unapotea tena. Kwa hiyo ukanda unaoutafuta ni ule ambao bahari imetoka kuuacha, ambapo unyayo unaacha alama nyepesi tu.

Ukanda huo una saa zake, na wavuvi wanazijua. Pwani yetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa takriban dakika 50. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Ufukwe wa Bagamoyo una mteremko mdogo, basi bahari inarudi mbali na kuacha uwanja wa kuchezea mpira. Huo ni wakati mzuri wa kutembea na kiti kandokando ya pwani. Kwa kuoga, mimi nachagua maji yanapopwa, yakiwa nusu njia: mchanga umeshakaza, bahari bado i karibu, na hakuna wimbi linalokuja kukizingira kiti. Bamvua hupwa kabisa karibu na saa nne au saa tano asubuhi, kwa hiyo nusu njia inaangukia kama saa moja au saa mbili, jua likiwa bado dogo.

Unabaki ule mkavu wa juu. Kuna viti vya ufukweni vyenye matairi manene kama puto. Tairi hukandamiza ardhi kwa takriban ule upepo uliomo ndani yake: la baiskeli hujazwa paundi 40 hadi 60, la puto chache tu, hivyo linajilaza juu ya mchanga badala ya kuukata. Usijaribu kuiga kwa kupunguza sana upepo wa kiti cha kila siku. Breki zake nyingi hubana juu ya tairi, na tairi likilegea breki haishiki. Sisi tunatumia plaiwudi mbili za futi 8 kwa 4. Kiti kikiwa juu ya moja, nyingine inatandikwa mbele yake, tunabadilishana hadi mchanga mbichi. Wavuvi wanafanya hivyo hivyo na magogo wanapopandisha mashua: la nyuma linatolewa, linawekwa mbele.

Kabla ya kumwingiza majini, mwulize yeye jinsi anavyotaka kubebwa. Mwenye mwili ndiye nahodha. Usinyanyue kiti kwa kushika sehemu zake za kuwekea mikono au miguu, kwa maana nyingi huchomoka. Usimfunge mkanda kwenye kiti kikiwa majini, hata wimbi likiwa dogo. Aliyeumia uti wa mgongo mara nyingi hahisi miguu: mchanga wa saa saba utamwunguza na kombe litamkata bila yeye kujua. Basi avae viatu au soksi nene, na mkitoka mkague nyayo na makalio kwa macho. Aliyeumia sehemu za juu za uti huenda pia hatoki jasho vizuri, joto likamzidi haraka. Kivuli na maji ya kunywa viwe tayari kabla hajatoka nyumbani.

Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na ibara yake ya 30 inataja burudani na michezo waziwazi. Mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Njia ya mbao hadi kwenye mchanga mbichi ni haki ya mtu wa kiti mwendo, na haijengwi kwa fedha nyingi.

Mkirudi, kiti kioshwe kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, maana chumvi haisubiri kesho. Sisi tunafungua magurudumu madogo, tunatoa mchanga kwenye beringi, tunafuta na kupaka grisi. Dada hukaa jamvini barazani, anashika gurudumu, analizungusha karibu na sikio. Asiposikia punje ikisaga ndani, ndipo anakubali tulirudishe.