Ule weusi kwenye stripu ya sukari ni mkaa, tena si mkaa wa mchezo

Siku za kliniki ya sukari mimi kazi yangu ni mashine, yaani vifaa tiba, wagonjwa siwagusi, ila malalamiko yote ya mashine yanaishia mezani kwangu. Juzi mzee mmoja kaja na mashine yake ya nyumbani ya kupimia sukari kaishika kama mtu anayerudisha redio mbovu dukani, ananiambia dokta (mimi si dokta lakini nimeshazoea), hii kitu inadanganya, asubuhi imenisomea 14, nimepima tena imesoma 8, sasa niamini ipi? Nikamuuliza mzee wangu kabla ya kupima ulikuwa unafanya nini. Akawaza kidogo. Nilikuwa nawamenyea wajukuu maembe. Basi jibu tukawa nalo hapo hapo, ile sukari ilikuwa kidoleni, kwenye damu haikuwepo, na kwa vile stripu, kile kikaratasi kinachochomekwa kwenye mashine, inakula tone dogo mno la damu, chini ya mililita moja ukiigawa mara elfu moja, mabaki ya embe kwenye ngozi yanatosha kuharibu hesabu nzima. Na spiriti peke yake haikusaidii sana hapo, osha mikono kwa maji na sabuni, kausha, ndio utoboe.

Lakini leo nataka niongelee hiyo stripu yenyewe kwa sababu watu wengi wanadhani akili iko kwenye mashine. Mashine ni ya kuhesabu tu. Kazi yote inafanyika kwenye kile kikaratasi unachokitupa. Chukua stripu iliyokwisha tumika (yako mwenyewe, usiguse ya mtu, ina damu), itazame vizuri, nyingi utaona vimistari vyeusi vinatoka kwenye mdomo unaonyonya damu mpaka upande unaoingia kwenye mashine. Ule weusi ni wino wa kaboni, jamaa moja na mkaa, yaani unga wa kinywe (ile kaboni nyeusi ya ndani ya penseli) na masizi umechanganywa na gundi ukaprintiwa juu ya plastiki kwa skrini, ndio, skrini hii hii wanayoprintia tisheti za kampeni. Si stripu zote, kuna kampuni zinatumia dhahabu au paladiamu, ila kaboni ndiyo iliyofanya kitu hiki kiwe cha kutumia na kutupa.

Kwa nini kaboni? Inapitisha umeme, haishiki kutu, bei chini, na ina upole fulani, ukiiweka ndani ya damu na kuipa umeme mdogo haianzi vurugu zake yenyewe kama zinavyofanya metali nyingi. Inakaa kimya inasubiri elektroni, vile vichembe vya umeme, zije. Kwenye kupima, kitu kinachokaa kimya ni mali.

Sasa inavyofanya kazi. Juu ya ile kaboni kumepakwa kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuinyang'anya glukosi, yaani ile sukari ya kwenye damu, elektroni zake. Shida ni kwamba sehemu ya kimeng'enya inayozishika hizo elektroni imejificha ndani kabisa, kama nyumba ya uchochoroni Manzese ambapo daladala haifiki, kwahiyo lazima kuwe na bodaboda, molekyuli ndogo inayoingia mle ndani, inabeba elektroni, inatoka nazo mpaka kituoni, na kituo ndio ile kaboni. Glukosi nyingi, abiria wengi, umeme mwingi. Mashine inahesabu abiria na baada ya sekunde kama 5 inakuandikia namba.

Mwanzoni bodaboda alikuwa oksijeni. Leland Clark wa Marekani, yeye na mwenzake Champ Lyons, ndio walioleta wazo la kuweka kimeng'enya juu ya elektrodi (ndiyo kile kituo cha kupokea elektroni) mwaka 1962, ila oksijeni kwenye damu inapanda na kushuka na kipimo kinayumba nayo. Mwaka 1984 watafiti wa Cranfield na Oxford, Uingereza, wakachapisha kazi wakiwa wametumia feroseni, kitu chenye chuma katikati, kama bodaboda juu ya elektrodi ya kinywe, na 1987 ikaingia sokoni mashine ya kwanza ya nyumbani ya aina hiyo, ndogo, umbo la kalamu. Hizi tunazogombana nazo kliniki leo ni wajukuu zake. Na vile vya kubandika kwenye mkono vinavyokaa wiki mbili navyo kuna vyenye elektrodi ya kaboni, ila pale bodaboda kafungwa mnyororo asitoroke akazurura mwilini, kazi ya Adam Heller wa chuo cha Texas pale Austin, na mimi kwa maoni yangu hiyo ni moja ya kazi nzuri kabisa za kemia kuwahi kuingia hospitalini.

Ukishaelewa habari ya abiria na bodaboda makosa mengi yanajieleza. Kopo la stripu ukiliacha wazi unyevu unaingia na kimeng'enya kinachoka, lile kopo lina dawa ya kunyonya unyevu ndani yake, funga papo hapo, usihamishie stripu kwenye kibahasha au kwenye pochi. Friji hapana, zikitoka zinatoa jasho. Dashibodi ya gari juani hapana kabisa, nyingi zinataka joto lisilozidi nyuzi 30, na Dar mwezi wa pili ndani ya gari utapata wapi 30? Kuna mama aliniuliza kama anaweza kuikata stripu katikati kwa urefu apate mbili, nikamwambia mama zile za zamani za kubadilika rangi watu walikuwa wanazikata kweli, hizi ukikata umekata nyaya.

Halafu hili la upungufu wa damu naomba nilikalie kidogo maana halisemwi sana. Chembe nyekundu za damu zinaziba njia, glukosi inapita kwa kuzikwepa. Mtu mwenye damu pungufu, mjamzito mwenye damu ya 7, mgonjwa wa seli mundu, barabara ni nyeupe, glukosi inafika kwa wingi na stripu inaweza kusoma juu kuliko ukweli. Ubaya wake uko pale ambapo sukari imeshuka kweli na mashine inakuonyesha namba ya kuridhisha. Stripu za siku hizi nyingi zinarekebisha lakini ndani ya mipaka, na mipaka imeandikwa kwenye kile kikaratasi cha ndani ya boksi kinachotupwa kabla ya kusomwa. Damu nzito, mtu aliyeishiwa maji, inakwenda kinyume, inasoma chini. Vitamini C ya dozi kubwa nayo inatoa elektroni zake pale kituoni ikahesabiwa kama abiria. Na wanaosafishwa damu kwa maji ya tumboni, kuna maji yenye aikodekstrini ambayo mwilini yanageuka maltosi, sukari ya aina nyingine, na kuna kimeng'enya fulani cha stripu hakijui kutofautisha maltosi na glukosi, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya hilo mwaka 2009 baada ya watu kufa kwa kupewa insulini wasiyoihitaji. Kama mgonjwa wako yuko huko uliza aina ya stripu kabla ya kuchoma insulini.

Turudi kwenye mkaa. Mchoma mkaa anajua siri moja, kuni zikipata hewa zinakuwa majivu, ukifukia tanuru kwa udongo na majani hewa ikawa kidogo, kila kingine kinatoka kama moshi na kaboni inabaki, tena kipande kinatoka na umbo lile lile la gogo, limenywea tu. Wahandisi wa vifaa vidogo wanafanya hicho hicho. Wanapaka plastiki inayogandishwa na mwanga juu ya sahani ya silikoni, wanachora kwa mwanga umbo wanalotaka, vidole, nguzo, vyavu, vitu vidogo kuliko upana wa unywele, wanaosha kisichoganda, halafu sahani inaingia kwenye tanuru la nyuzi 900 hivi lililojaa naitrojeni badala ya udongo. Kinachotoka ni kaboni ya kioo, nyeusi inang'aa, imenywea, ila umbo lipo. Marc Madou na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, wamelisukuma sana hili. Ukipanga vidole viwili vya kaboni vikaribiane sana, molekyuli ile ile inatoa elektroni huku inapokea kule, inarudi tena, inahesabiwa mara nyingi, kwahiyo kitu kidogo sana kwenye sampuli kinaonekana.

Kwenye ubongo wanatumia uzi wa kaboni, huu huu wa fremu za baiskeli za mashindano, uzi mmoja tu wenye unene wa maikromita 7 hivi, umefungwa ndani ya mrija wa kioo, ncha ndiyo inachungulia nje. Unapitishiwa umeme wa kupanda na kushuka mara 10 kila sekunde na dopamini, kemikali ya kupeleka ujumbe kwenye ubongo, iliyo jirani inajitokeza kwenye mkondo. Kwa miaka mingi ilikuwa wanyama tu, kisha mwaka 2011 ikachapishwa kazi ya mgonjwa wa Parkinson aliyekuwa macho kwenye upasuaji, anacheza mchezo wa kuwekeza pesa, dopamini yake inapimwa wakati huo huo. Uzi mwembamba hivyo unaumiza ubongo kidogo, waya wa metali mnene unaacha kovu na baada ya muda kovu linauziba.

Na wale wanaosema wana vali ya chuma kwenye moyo, mara nyingi vile vijani vinavyofunga na kufungua ni kaboni iliyookwa, vali ya aina ya St. Jude tangu 1977 iko hivyo. Damu inaivumilia kuliko metali nyingi, ingawa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, unameza.

Mwaka 2014 maabara ya James Tour, chuo cha Rice, Houston, wakagundua ukipitisha leza ya karakana, ya kukatia mbao na akriliki, juu ya plastiki fulani ya kahawia inayostahimili moto, inaacha mstari wa kaboni laini aina ya grafini, hakuna tanuru, hakuna chumba safi, unachora tu elektrodi kama unachora jina kwenye ngao. Miaka 4 baadaye wakafanya hivyo juu ya mkate, viazi na kifuu cha nazi. Kifuu jamani! Sisi vifuu tunawashia jiko.

Kijana mmoja alikuja ofisini akaniuliza sasa si nichukue mkaa wa jikoni nitengeneze stripu. Nikampa mita ya kupimia umeme nikamwambia pima. Mkaa wa jikoni mara nyingi haupitishi kitu cha maana, tanuru la porini halifiki joto la kuzipanga kaboni zake vizuri, unahitaji kama nyuzi 700 kwenda juu. Nikampa penseli ya 2B, ambayo ndani yake ni kinywe na udongo, kinywe hicho hicho kilichopo ardhini kule Mahenge. Mita ikasoma. Penseli ni elektrodi halali kabisa, kuna maabara zinaitumia mpaka leo. Kaondoka na penseli yangu.