Klorini ya Kituku inafika nyumbani?

Walimu wanaoleta wanafunzi kwenye maabara yetu huja na ombi lile lile: wanataka kupima Ziwa Kivu. Mimi huwaambia, ziwa tuachieni sisi, ninyi pimeni bidoni, yaani dumu la plastiki la kubebea maji. Mtoto wa Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, hanywi ziwa. Anakunywa maji yaliyotekwa alfajiri kwenye ufukwe wa Kituku, yakapandishwa kwa chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, juu ya mawe ya lava, kisha yakalala jikoni siku mbili kwenye bidoni ambayo ndani haijasuguliwa tangu inunuliwe. Safari hiyo ndiyo ya kufuatilia.

Pale ufukweni, kwenye vituo vya kutia dawa, mhudumu huvuta klorini kwa sirinji na kuimimina katika bidoni ya lita 20. Baada ya hapo ni kungoja nusu saa. Wengi hawangoji, na ni ajabu, maana kuanzia hapo hadi mtaa wa Birere kwa miguu nusu saa inapita yenyewe. Tatizo ni wale wanaokunywa palepale.

Kupima ni kazi ya dakika chache. Mwanafunzi anajaza kichupa cha mililita 10, anatia kidonge cha DPD, kinachogeuza rangi ya maji yenye klorini, bila kukigusa kwa vidole, anatikisa, anaangalia. Maji yakigeuka waridi, klorini ipo. Yakibaki meupe, imekwisha. Analinganisha rangi na kadi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni angalau miligramu 0.5 kwa lita baada ya ile nusu saa, na zisipungue 0.2 pale maji yanaponywewa. Maji ya kipimo humwagwa, hayarudi kwenye bidoni.

Kivu ina jambo lake. Maji yake ya juu yana pH (kipimo cha ukali wa asidi au magadi) ya karibu 9, yaani ni ya magadi magadi. Klorini ikiingia humo, sehemu kubwa yake hugeuka kuwa umbo lenye nguvu ndogo ya kuua vijidudu. Hufanya kazi vizuri zaidi pH ikiwa chini ya 8. Kwa hiyo mkaazi wa Goma ana sababu zaidi ya wengine ya kungoja. Na vijidudu vya kipindupindu hayo magadi havichukii, vinayapenda.

Darasa moja liliniletea daftari zuri kupita kiasi. Kila mstari 0.5, kila nyumba 0.5. Nilipouliza, msichana mmoja akasema polepole kwamba nyumbani kwao ilitoka sifuri, wenzake wakaifuta wakidhani amekosea. Tukampa vidonge vitatu, akapima mara tatu na watu watatu tofauti: sifuri. Tukapitisha kidole ndani ya shingo ya bidoni. Kilitoka na utelezi wa kijani. Utelezi ule ndio ulioila klorini. Mama yake alitia vijiwe vya lava na sabuni, akatikisa, akasuuza, na wiki iliyofuata waridi likaonekana. Sifuri ile ndiyo kipimo pekee katika daftari lote kilichonifundisha kitu, nao walikuwa wameifuta!

Basi daftari liandikwe kwa bici, kalamu ya wino, si kwa penseli: tarehe, saa, bidoni ya nani, maji yana siku ngapi ndani, nani kapima. Vipimo viwili vikipingana, viandikwe vyote viwili.

Wanaochemsha hutuita wakisema kipimajoto kimekufa, maji yanatokota na kinasoma digrii 95, si 100. Hakijafa. Tupo mita 1,460 na ushei juu ya bahari, na huku maji hutokota mapema. Vijidudu vya kipindupindu hufa vilevile.

Kidonge cha DPD kinaona klorini tu. Hakioni floridi, madini ya asili ambayo katika baadhi ya chemchemi za upande wa volkano hupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita na kuacha madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto. Klorini haiiondoi, na kuchemsha huiongeza, kwa kuwa maji hupungua yenyewe ikabaki. Hayo maji leteni maabara, kwenye chupa ya plastiki, si ya kioo.

Kwa kuanza, bidoni tano zinatosha darasa zima: kila moja ipimwe ufukweni, ipimwe ikifika mlangoni, ipimwe tena kesho yake asubuhi kabla mtu hajachota kikombe cha kwanza.