Siku ya michezo ya PP1 na PP2: adui wenu ni foleni

Juzi saa tatu usiku nilipigiwa simu na mwalimu mmoja wa huku Kisumu, sauti imeshtuka, hedi wao amemwambia kuna siku ya michezo ya watoto wadogo wa PP1 na PP2, yale madarasa mawili ya awali kabla ya la kwanza, wiki ijayo na yeye ndiye amewekewa huo mzigo. Akaniuliza swali ambalo huulizwa na kila mtu, "Madam, tuweke mbio ngapi?" Nikamwambia weka moja, iwe ya mwisho kabisa, na kama unaweza iache. Akanyamaza. Nikajua hapo anajiuliza huyu mama leo amekula nini.

Wacha niwaeleze venye nilifika hapo, kwa sababu mimi pia nilianza na mbio. Hii ilikuwa 2013, siku hizo bado tunaita nasari, nikapewa watoto 72 na fildi nzima. Nikachora njia sita kama za wakubwa, nikapanga watoto sita sita, nikaning'iniza filimbi shingoni nikajiona mkufunzi wa taifa. Kundi la kwanza nikapiga filimbi. Watatu wakakimbia. Mmoja akaziba masikio. Mmoja akageuka mbio kwa mamake aliyesimama pembeni na leso, na yule wa sita hakusonga, alikuwa anaangalia kereng'ende ametua kwa kamba.

Sasa fanya hesabu na mimi. Watoto 72 kwa sita ni makundi 12. Kila kundi lilinila dakika nne, ukihesabu kupanga, kufunga kamba za viatu, kurudisha yule ametoka kabla ya filimbi. Hizo ni dakika 48, na mtoto mwenyewe amekimbia kama sekunde kumi hivi, zingine zote amekaa kwa jua akingoja. Kufika kundi la tano mmoja ashalala, wawili wanapigana juu ya kijiti, mmoja amejikojolea na anaona aibu kusema, na kuna mmoja tulimpata kwa geti ananunua mabuyu. Hiyo haikuwa siku ya michezo, ilikuwa foleni ya huduma na wimbo wa shule juu yake.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo 2019 kwamba mtoto wa miaka mitatu na minne anahitaji kuchangamsha mwili angalau dakika 180 kwa siku, na 60 kati ya hizo ziwe za nguvu, zile za kumfanya aheme. Mimi siku nzima nilimpa sekunde kumi, na hio siku ndio tuliita ya michezo.

Kwa hivyo siku hizi natumia vituo. Watoto wale wale 72, vituo sita, kila kituo watoto 12, wanacheza dakika saba, dakika mbili za kuhama, halafu wanaenda kituo kinachofuata. Ukizidisha unapata dakika 54 na kila mtoto amecheza kama 40 hivi, na hakuna mtu amesimama akitazama mwenzake. Kila kituo watu wazima wawili, mmoja anaonyesha mchezo, mwingine anarudisha wale wanaotoroka (watatoroka, usijidanganye). Ukikosa walimu chukua wazazi, lakini mzazi usimweke kwa kituo ambacho mtoto wake anaanzia, atamshika mkono tu muda wote na wengine kumi na moja wabaki yatima. Na weka mtu mmoja wa choo, ambaye kazi yake ni choo tu. Hiyo nafasi kila mtu anaidharau mpaka saa tatu unusu, wakati watoto tisa wameshikwa kwa pamoja.

Kuhama nako usitumie filimbi. Watoto wa miaka minne wengine filimbi inawashtua, na ukiweka spika za disko hapo karibu hawatasikia chochote mtu akisema. Mimi hupeperusha leso kubwa ya manjano na tunaimba kawimbo kafupi tukitembea, wakiona leso wanajua tunahama. Tunaifanyia mazoezi darasani siku tatu kabla. Hizo siku tatu ndizo zinaokoa kila kitu, heri ukose medali kuliko ukose hizo.

Sasa kuna kituo kimoja ningependa mkiibe kama kilivyo. Tunakiita Mto Nyando. Unachukua kamba mbili unalaza chini, lakini usizilaze sambamba, ziweke kama mdomo wa mamba, huku zimebanana kama kiganja, huku zimeachana kama mita moja na nusu. Huo ndio mto, kuvuka ni kuruka, na mtoto anachagua mwenyewe atavukia wapi. Ukiweka kamba sambamba, nusu ya watoto wanavuka bila kujua walikuwa wanaruka, na wale wadogo wanatua katikati kila mara, wanachekwa, mara ya tatu wanakataa kabisa. Lakini ukiipanua hivyo kila mmoja anajipimia. Mwaka jana nilikuwa na kasichana ka PP1, kadogo sana, kalianza pale kwa kiganja, kakavuka, kakaangalia nyuma kama kuna mtu ameona. Kakasogea hatua moja. Kakavuka tena. Kwa dakika saba nilihesabu kameruka mara 19 na hakuna mtu alikaambia kitu, na mara ya mwisho kalikuwa karibu katikati ya mto, kakatua na kisigino ndani ya maji, kakaniangalia, kakasema "Ticha, nimeloa," kakarudi kwa foleni yake ya mtu mmoja. Kuna kijana pia anatumia kiti cha magurudumu, yeye mto wake tuliuchorea kwa sakafu ya paredi kwa sababu kwa nyasi magurudumu yanazama, na alikuwa anavuka kwa kusukuma mara moja tu bila kugusa tena, aone atafika wapi. Mchezo ni ule ule.

Kituo cha gunia pia kina siri yake. Watu huenda kwa posho mill wanaomba gunia za kilo 90, zile za mahindi. Mtoto wa miaka minne ukimwingiza hapo unabaki ukiona nywele. Akianguka hawezi kutoa mikono, anatua na mdomo, na mwaka mmoja niliona jino likienda hivyo (lilikuwa la utoto, lakini jaribu kumweleza nyanya yake hapo). Tumia gunia la mchele la kilo 25, ukunje mdomo wake lifike kiunoni na mikono ibaki nje. Mwambie aruke mita tano aende na tano arudi, inatosha, na iwe kwa nyasi, isiwe kwa muram.

Vingine nitavipitia haraka, chagua ufikishe sita. Kutupa mipira ya soksi ndani ya karai: soksi za mitumba pale soko la Kibuye, unazikunja na kuzishona, mtoto akipigwa nayo usoni anacheka. Kiazi na kijiko, na kiazi kiwe kidogo na kijiko kiwe kile kikubwa cha kupakulia, mayai waachie mapishi. Kurusha mpira kwa leso, watoto sita wanashika pembe na kingo wanaurusha juu wanaudaka, huu unawafunza kusikizana kuliko hotuba yoyote. Kupeleka samaki Dunga, ule ufuo wa wavuvi hapa Kisumu, yaani samaki wa kadibodi kutoka kwa beseni moja hadi nyingine, mmoja mmoja, na kuna wale watabeba watano kwa mara moja na watasema hao ni omena. Na tairi za pikipiki za kusukuma, fundi wa pancha atakupa bure, ila pitisha mkono wako wote ndani na nje kwanza kwa sababu tairi ikizeeka ile waya ya chuma inatokeza na inakata kama wembe.

Kuvuta kamba mimi sifanyi na hawa wadogo. Wanajizungushia kamba mkononi ili isiponyoke, halafu upande mwingine wanavuta wote kwa pamoja, na vidole ndivyo vinabaki hapo. Baluni pia sileti. Likipasuka kile kipande kinaenda mdomoni, na kinaziba koo vibaya kwa sababu kinajibandika.

Haya, tuje kwa wazazi, kwa sababu vita vyenyewe viko huko. Kila mwaka kuna baba ananifuata ananiuliza nani amekuwa nambari moja. Namwambia hakuna nambari. Ananiangalia kama nimeuza shamba. Mmoja aliniambia ndio maana tutakosa kina Faith Kipyegon, na huyo Kipyegon ametoka hapo tu Keringet kaunti ya Nakuru, sasa ana dhahabu tatu za Olimpiki kwa mita 1500, 2016, 2021 na 2024. Nikamwambia baba, Kipyegon alizaliwa 1994 na dunia ilianza kumwona 2010 kwa mbio za nyika kule Poland, amekimbia peku na akawa wa nne kwa vijana. Alikuwa na miaka 16. Wako ana minne na jana amevaa viatu vikipishana. Tofauti ya mtoto wa Januari na wa Novemba kwa darasa moja la PP1 ni karibu robo ya maisha yao, ukiwapanga nambari unampa zawadi yule aliyezaliwa mapema. Alicheka kidogo. Kidogo tu.

Medali wanachora wenyewe siku ya kabla, kadibodi na utepe, kila mtu yake, na wanavaliana wao kwa wao. Visoda usitumie, zile meno zinakwaruza shingo. Na kama wazazi wanawashwa sana na mashindano, wapeni mbio zao wenyewe mwishoni, watoto wakishangilia. Waambieni tu wavue slipa kwanza.

Mambo ya afya sitayafanyia mzaha. Huku kwetu kando ya ziwa watoto wenye sikoseli (ugonjwa wa selimundu) ni wengi kuliko sehemu nyingi za nchi, na wengine mwalimu hajui kwa sababu mzazi hajasema. Wiki moja kabla tuma ujumbe kwa wazazi wote, uliza sikoseli, pumu, kifafa. Mtoto wa sikoseli acheze, usimkalishe kwa kiti kama mgeni, lakini anywe maji mara nyingi, apumzike akitaka bila kuombaomba ruhusa, na asiloweshwe. Ile michezo ya kumwagiana maji inapendeza kwa picha lakini baridi ya ghafla inaweza kumletea maumivu makali mpaka hospitali. Wa pumu, pampu yake iwe mfukoni mwa mwalimu wa kundi lake, isifungiwe ofisini na funguo ziko kwa hedi aliyeenda mkutano.

Maji kila mtu baada ya kila vituo viwili, hata kama hajasema ana kiu, kwa sababu akicheza hatasema. Ukiona mtoto aliyekuwa anapiga kelele amenyamaza ghafla, anajikwaa bila kitu, au anasema kichwa kinamuuma, mpeleke kivulini, mvue soksi, mwekee kitambaa cha maji shingoni. Jua la Kisumu halingoji saa sita. Mimi huanza saa mbili na robo na saa nne na nusu tumemaliza, na hiyo pia inatukwepesha mvua ya mchana kutoka ziwani. Ukiwa Nakuru chelewa kuanza kwa muda wa kama saa moja hivi, asubuhi huko watoto wanafika wamejifunga masweta mpaka hawawezi kuinua mikono.

Fildi itembee mwenyewe jioni ya kabla, na ukimaliza itembee tena ukiwa umechuchumaa, hapo ndipo utaona chupa iliyovunjika na njia ya siafu. Mistari chora na maranda ya mbao. Chokaa iache, mtoto akianguka ikamwingia machoni inaunguza.

Pesa zangu mwaka jana hazikufika shilingi 3,500, na nyingi ziliishia kwa soksi na utepe.

Kesho yake huwa nakaa nao chini nawauliza walipenda nini, na mara ya kwanza nilitegemea wataje Mto Nyando. Wengi walisema kurudisha tairi stoo. Ile kazi nilikuwa nimeona kama usafi tu, nikaomba wale waliobaki wakingoja wazazi wanisaidie, wakaziviringisha kutoka fildi hadi mlango wa stoo wakipiga honi kwa mdomo. Kwa hivyo sasa iko kwa programu, saa nne na dakika ishirini, kurudisha tairi, na nimeongeza tairi nne ili kusiwe na foleni.