Mota isiyo na brashi ikitetemeka, si lazima iwe imekufa

Wengi huamini kwamba mota isiyo na brashi, ile ya umeme inayozungusha propela ya droni au ndege ndogo ya kuchezea, ikianza kutetemeka, beringi zimekwisha na dawa ni kununua nyingine. Imani hiyo ina msingi, maana beringi zilizochakaa hutetemesha kweli. Ila hicho ni chanzo kimoja tu.

Vua propela, kisha washa mota kwa mwendo mdogo. Mtetemo ukiisha, shuku propela: huenda imepinda au upande mmoja ni mzito. Ukibaki, chomoa betri, kaza skrubu, uzungushe mota kwa kidole. Mkwaruzo au shafti inayocheza huelekeza kwenye beringi. (Kukwamakwama kidogo kwa mpangilio ni kazi ya sumaku, si ubovu.)

Mota inayotikisika papo hapo bila kuzunguka ni habari nyingine. Ina nyaya 3. Mmoja ukikatika au lehemu ikiachia, hugugumia tu. Ijaribu kwenye kidhibiti mwendo (kifaa kinachoipa mota umeme na kupanga kasi yake) kingine kizima kinachoifaa. Tatizo likiifuata, kagua nyaya na koili zake. Lisipoifuata, kasoro iko kwenye kidhibiti cha kwanza, viungo vyake au mipangilio yake. Kubadilishana nyaya 2 hugeuza mwelekeo wa mzunguko tu.